Grauti Isiyokunywa Mafuta

Mwalimu Yunisi alikuwa mtu wa kupima mambo, na mwezi ule alipokuwa akichagua grauti ya jikoni kwake Issuna, alipima hadi mambo yenyewe yakachoka. Wapo watakaosikia neno grauti wakadhani ni dawa ya kuogeshea mbuzi. Ni unga tu. Fundi anaukoroga na maji uwe mzito kuliko uji na mwepesi kuliko ugali, anaushindilia kwenye nafasi zilizoachwa kati ya kigae na kigae, na ukikauka unabaki mistari. Mistari yenyewe ni myembamba kama njiti ya kiberiti, lakini ndiyo iliyomtia Yunisi tumbo joto.

Alikuwa na sababu. Rafiki yake Jesca wa Ikungi alibandika vigae vyeupe nyuma ya jiko lake, akaita watu waje waone. Miezi minne baadaye mistari yote ilikuwa imegeuka rangi ya meno ya mtafuna tumbaku. Kigae ukikipangusa kinatakata. Mstari hautakati, kwa sababu umekwisha kunywa. Na Singida mafuta ya alizeti yanamwagwa karaini bila huruma. Kuku akikaangwa, ukuta nao unakaangwa. Tia binzari, tia nyanya, na baada ya mwezi ukuta wako unamweleza kila mgeni ulichokula tangu Pasaka.

Halafu muda ulikuwa umembana. Siku zake themanini na nne za likizo ya uzazi zilikuwa zinaishia Jumapili. Jumatatu saa moja asubuhi alitakiwa awe mbele ya ubao, darasa la tatu, na mtoto wake Eliana abaki nyumbani na bibi yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Mumewe Sixbert alikuwa kazini Itigi, relini, na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi. Mama mzazi wa Yunisi alishafariki huko Iramba. Binti wa kazi waliyempata alikaa siku tisa, akaondoka na kanga mbili ambazo hazikuwa zake. Kwa hiyo Jumatatu ile, kazi ya Yunisi na usalama wa mtoto, vyote vilimtegemea mama mkwe.

Mama mkwe mwenyewe, Mama Scholastika wa Mungaa, hakuwa mtu wa kutilia shaka. Alikuja na kuku wawili na debe la mtama wiki ile mtoto alipozaliwa, ili amtunze mzazi, na akabaki. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilitafuta jembe mwenyewe siku ya kwanza. Alipika uji, alifua nepi, alimwogesha mtoto kwa mikono isiyotetemeka huku akimwimbia Kinyaturu. Alikuwa na masharti yake, kama wazee wote. Viti visihamishwe. Ndoo ya maji isisogezwe. Na mtu akiingia ndani aseme neno, asiingie kimya kama mwizi. Macho yake yalikuwa na ukungu kidogo, na Yunisi alipomuuliza, mama alicheka.

"Ni vumbi la alizeti la miaka sitini, mwanangu. Unataka litoke leo?"

Yunisi alicheka pia. Mtu wa kupima mambo, hilo hakulipima.

Fundi alikuwa Calist, kijana wa makamo kutoka Singida mjini, aliyefika na pikipiki huku maneno yake yakimtangulia. Alimwamkia bibi, akamsalimu mwalimu, akautazama ukuta wa nyuma ya jiko na kutoa hukumu papo hapo.

"Hapa tunajaza saruji nyeupe, mwalimu. Watu wote wanajaza hiyo."

"Na watu wote wanasugua," Yunisi alimjibu. "Mimi nataka isiyoshika doa."

"Ipo ya epoksi. Ile hata umwagie lami, unafuta inatoka. Lakini inakauka upesi mno, na kwa joto hili itanikaukia mkononi kabla sijafika kona. Sikudanganyi, mwalimu, ile mimi siiwezi."

Fundi anayekiri asichokiweza ni adimu kuliko mvua ya Septemba, na hapo ndipo Yunisi alipoanza kumwamini. Alimwomba afanye majaribio. Calist akachukua vipande vya vigae vilivyovunjika, akavibandika viwili viwili kwenye mbao tatu ndogo. Ya kwanza akaijaza saruji nyeupe, ya pili grauti ya kawaida ya dukani, na ya tatu grauti ya unga iliyotiwa dawa ya kukataa mafuta. Zilipokauka, Yunisi akazidondoshea zote mafuta ya alizeti yenye binzari, rojo la nyanya na chai ya rangi iliyokolea, akaziacha hadi kesho yake. Kisha akazifuta kwa sabuni na kitambaa kimoja, kwa nguvu ileile, kama anayesahihisha mtihani.

Ya kwanza ilikuwa ya njano kabisa. Ya pili ilikuwa njano ya kujificha. Ya tatu ilitoka kama ilivyoingia.

Mama Scholastika alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto kalala mgongoni. "Nileteeni na mimi nione," alisema.

Akazipokea moja moja, akapitisha kidole gumba juu ya mstari. "Huu una kiu," alisema kuhusu ule wa kwanza. Wa pili akaupapasa kidogo zaidi. "Huu nao una kiu, ila unaona haya." Wa tatu kidole kilikwenda na kurudi mara mbili. "Huu umeshiba. Kilichoshiba hakinywi."

"Bibi ana jicho!" Calist alipiga makofi. "Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na moja sijawahi kusikia mtu akiisema hivyo."

Kilichobaki kilikuwa rangi. Calist alipenda kijivu, kwa kuwa kijivu kinaficha uchafu. Yunisi alisema hataki jiko la kuficha kitu. Wakamgeukia mama.

"Nyeupe," alisema, na sauti yake ilishuka kidogo. "Nyeupe kama maziwa. Nyeupe inafika."

Hakuna aliyemuuliza inafika wapi. Wazee husema mambo.

Alhamisi vigae vikabandikwa, vyeupe, vinang'aa, kwa pimamaji na misalaba midogo ya plastiki, kati yake zikabaki nafasi tupu. Calist alionya visiguswe hadi gundi ishike vizuri. Jumamosi angekuja kujaza grauti. Alimkabidhi Yunisi mfuko wa kilo tano, akamsisitiza uwekwe pakavu. Yunisi akaupeleka stoo.

"Umeuweka wapi?" mama aliuliza akiwa jikoni.

"Rafu ya chini, mama, kushoto."

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Ni Calist, mke wake kalazwa, Jumamosi hawezi, labda Jumanne. Yunisi alimpa pole ya kweli, lakini alipokata simu alikaa chini akaanza kulalamika kwa sauti, maana alikuwa kwake. Jumanne! Jumatatu yeye yuko darasani. Mama atakaanga vipi mbele ya ukuta wenye nafasi wazi? Mafuta yataingia humo kabla ya grauti, na kazi yote ya majaribio itakuwa bure.

"Nenda shule kaandikishe kurudi kwako," mama alimwambia. "Mtoto kalala. Maharage nitayaangalia mimi."

Yunisi aliondoka saa tatu, maharage yakichemka kwenye jiko la gesi waliloliweka kwa muda kwenye meza ya pembeni. Shuleni alisaini, alisalimiana na wenzake, akapokea pongezi za mtoto. Mwalimu mkuu, Mwalimu Stanley, alimtazama juu ya miwani.

"Mtoto ana mtu wa kukaa naye?"

"Ana bibi yake," Yunisi alisema, na alisema kwa majivuno.

Alirudi saa sita na nusu. Alivua viatu mlangoni kama kawaida, akasema hodi, akasikia mama akiitikia kutoka jikoni kwa sauti ya mtu mwenye furaha. Akaingia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda na Eliana mapajani. Mikono ya mama ilikuwa myekundu hadi viwiko. Shali nyeupe ya mtoto ilikuwa nyekundu. Shavu la mtoto lilikuwa na alama tatu nyekundu za vidole.

Yunisi alipiga yowe ambalo jirani alilisikia akitwanga. Kichwani mwake kulikuwa na neno moja tu, damu, na hata alivyofika kwenye kigoda hakujua. Alimnyakua mtoto, akakimbia naye dirishani penye mwanga, akamvua shali, akamvua gauni, akamgeuza mgongo, akamtazama kwapa, shingo, nyuma ya masikio. Mtoto alilia kwa kushtushwa. Hapakuwa na jeraha. Ule wekundu ulikuwa wa baridi na wenye chengachenga, na ulinuka saruji.

Ndipo alipoinua macho akauona ukuta.

Kila nafasi kati ya vigae vile vyeupe ilikuwa imejazwa, kutoka juu hadi chini, kutoka kona hadi kona, na ilijazwa nyekundu. Juu ya vigae vyenyewe kulikuwa na ukungu mwekundu wa kitambaa kilichofuta na kufuta tena, kama vile kuku amechinjiwa ukutani akapigana. Kwenye beseni pale chini kulikuwa na mabaki ya saruji nyekundu, ileile waliyoichanganya na rangi ya unga kwa ajili ya sakafu ya baraza, ikabaki kwenye mfuko wa nailoni.

Yunisi akampandisha mtoto begani.

"Usipige kelele namna hiyo, unamtisha mtoto," Mama Scholastika alisema, bado anatabasamu. "Nilimlaza nikafanya kazi hadi nikamaliza, ndipo akaamka nikamchukua hata kabla sijanawa. Fundi asije tena, auguze mke wake. Umeiona kazi?" Akanyoosha mkono mwekundu kuelekea ukutani. "Nyeupe kama maziwa."

Wazo la kwanza lililomjia Yunisi ni kwamba anakejeliwa. La pili, kwamba akili ya mama imeruka. Alisimama pale dirishani, mtoto akinyamaza taratibu begani.

"Mbona husemi?" mama aliuliza. "Ama haikunyooka? Nimekandika nyumba tatu Mungaa kwa mikono hii, mwanangu. Ukuta ni ukuta."

Alikuwa anasema na mlango. Uso wake, tabasamu lake, kidevu chake alichokiinua kwa fahari, vyote vilielekea mlangoni, pale Yunisi aliposimama alipopiga yowe. Yunisi hayupo tena pale. Yunisi yuko dirishani, upande wa pili, miguu mitupu, na mtoto amekwisha kunyamaza. Akasogea hatua mbili zaidi, polepole, akishikilia pumzi yake. Uso wa mama haukumfuata. Uliendelea kuusubiri mlango, na tabasamu likaanza kupungua mbele ya mtu ambaye hakuwapo.

Yunisi akamkumbatia mtoto.

Kisha vikaja vyote kwa pamoja. Viti visivyohamishwa. Ndoo isiyosogezwa. Kidole cha mama kilichochovya ukingoni mwa kikombe kila alipomimina uji. Wageni waliokuwa wakisalimiwa kwa majina baada tu ya kufungua kinywa. Na miezi karibu mitatu ya maji ya moto, beseni, mtoto anayeteleza kwa sabuni. Leo maharage. Leo moto wa gesi, kiberiti, mtoto, na mwanamke huyu peke yao, kwa muda wa saa tatu na nusu nzima, wakati yeye anajivuna mbele ya Mwalimu Stanley.

"Mama," alisema kutoka dirishani, na kichwa cha mama kikageuka ghafla kuifuata sauti. "Ukuta ni mwekundu."

"Mwekundu vipi?"

"Mwekundu, mama. Ni saruji ya baraza."

Mama Scholastika aliinua mikono yake, akaileta karibu kabisa na uso kama mtu anayetaka kuitazama. Ikakaa pale kwa muda. Halafu akainusa.

"Ulisema rafu ya chini, kushoto."

"Mfuko wa grauti niliuhamisha jana jioni. Niliona stoo ina unyevu, nikaupeleka chumbani, pale ikabaki ile saruji ya baraza."

"Ungeniambia," mama alisema, na hapo sauti ikamkatika. "Mkihamisha kitu, muwe mnaniambia."

"Tangu lini, mama?"

Mama alishusha mikono mapajani. "Jicho la kushoto tangu mwaka juzi. Hili jingine liliniaga wakati wa mavuno. Naona mwanga. Naona mlango ukifunguliwa. Juzi fundi alipobandika vigae niliona kama kunapambazuka pale ukutani, nikafurahi."

"Na hukusema!" Yunisi alipaza sauti. "Miezi mitatu unamtia mwanangu kwenye maji ya moto, na hukusema!"

Mkwe hampazii sauti mama mkwe. Siyo Mungaa, siyo Iramba, siyo popote Yunisi alipowahi kuishi. Alishtushwa na sauti yake mwenyewe kuliko alivyoshtushwa na ukuta, lakini hakuirudisha, kwa kuwa ilikuwa ya kweli.

"Ningesema ungenipa?" mama aliuliza, bila ukali. "Asiyeona anapewa kiti, hapewi mtoto. Marehemu dada yangu Yustina walimkalisha ukutani miaka sita kama gunia la mtama. Wanapita, wanamruka. Nikasema mimi hapana. Nilihesabu hatua za nyumba yako wiki ya kwanza, kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwa mtoto. Maji yake nayapima kwa kiwiko, mara mbili. Sijamdondosha hata siku moja." Akafuta mikono kwenye kanga, na kanga nayo ikawa nyekundu. "Lakini unalosema ni haki. Mpigie Sixbert aje anirudishe Mungaa."

Yunisi alikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa makali. Lililotoka halikuwa mojawapo.

"Kwa hiyo Eliana hujamwona."

"Nimemshika."

"Hujamwona, mama."

"Sijamwona."

Yunisi alimwogesha mtoto saruji ikatoka, akamnyonyesha, kisha akampigia Sixbert. Upande wa pili wa simu kulikuwa na kelele za chuma.

"Mama yangu haoni? Si alilisifia shati langu mwezi uliopita?"

"Lipi?"

"La bluu. Alisema bluu inanipendeza."

"Na alijuaje kuwa ni la bluu?"

Sixbert alifikiri. "Nilimwambia," alisema polepole. "Niliingia nikamwambia, mama, tazama shati langu jipya la bluu." Akaanza kulia, mtu mzima, relini, mbele ya wenzake.

Alipotulia alisema atampigia mjomba wake wa Mungaa waandae nyumba. Yunisi akamwambia asubiri kwanza. Mwenyewe hakujua anasubirisha nini. Alichojua ni kwamba Jumatatu inakuja, na hana mtu, na mtu aliyekuwa naye hakuwa naye kamwe. Akampigia Mwalimu Stanley kuomba ruhusa ya kuuguza.

"Leo hii umeniambia mtoto ana bibi yake."

"Bibi ndiye mgonjwa, mwalimu."

Mwalimu Stanley alishusha pumzi simuni. "Siku saba," alisema. "Siongezi hata moja. Watoto wa darasa la tatu wamekaa bila mwalimu tangu wewe ujifungue."

Jumatatu, badala ya ubao, Yunisi alikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho Singida mjini, mtoto mgongoni na mama mkono wa kulia. Daktari aliwasha tochi, akachungulia jicho moja, akachungulia la pili, akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na ugonjwa umekomaa. La kulia angelipasua Jumatano. Yunisi alimuuliza kama litaona. Daktari alisema wengi wanaona, ila jicho lililokaa gizani muda mrefu hawezi kuliapia hadi bandeji itoke.

Njiani kurudi, walipofika Ikungi, mama alimgeukia Yunisi.

"Lisipoona, usinirudishe kwako," alisema. "Unipeleke Mungaa moja kwa moja. Ukinirudisha nitataka tena kumshika, nami najijua."

Yunisi alimwogopea mtoto wake, na alimwogopea mama, na hofu hizo mbili zilikuwa zinavutana ndani yake bila moja kushinda.

Jumanne Calist akafika, mke wake amepata nafuu. Aliingia jikoni akipiga mluzi, mluzi ukakatika.

"Mungu wangu! Mwalimu, nani huyu aliyeniingilia kazi?"

"Ni mimi, mwanangu," Mama Scholastika alisema kwenye kigoda chake, na akamweleza mwenyewe, waziwazi, pamoja na macho. Kuanzia Ijumaa alikuwa amekoma kuficha.

Calist alimtazama bibi, akautazama ukuta, akamtazama bibi tena. Alisogea, akapitisha ukucha kwenye mistari, akapima kwa jicho moja. "Imenyooka kuliko yangu," alisema kwa unyonge. "Imejaa hadi ndani. Mimi huwa naacha matundu." Halafu akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone juu ya mstari mmoja. Wote wawili wenye macho waliliona tone likizama na kutoweka.

"Imekunywa?" mama aliuliza.

"Imekunywa, bibi."

Yunisi alikuwa ameshaanza kusema waiache tu, wataizoea. Mama alimkata.

"Ondoeni. Mafuta hayatauliza nani alijaza."

Basi Calist akachimba mistari ile mmoja mmoja kwa wembe na bisibisi, siku nzima, jikoni kukawa na vumbi jekundu hadi kwenye sukari. Jumatano, wakati Yunisi na mama wako hospitali na Jesca kashika ufunguo wa nyumba, alijaza grauti nyeupe ileile iliyoshinda mtihani. Alituma picha kwenye simu. Yunisi, aliyekosa usingizi kwa ajili ya mistari hiyo, aliitazama mara moja akaizima. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameingizwa chumba cha upasuaji.

Bandeji ilitoka Alhamisi asubuhi. Nesi alimketisha mama kwenye kiti, akamwambia afumbe macho, akabandua plasta taratibu, akafuta jicho kwa pamba. Yunisi alikaa kwenye kiti cha mbele yake, karibu magoti yagusane, Eliana akiwa amesimamishwa mapajani mwake.

"Fumbua, bibi," nesi alisema.

Mama Scholastika alifumbua. Machozi yalimtoka kwanza, ya mwanga tu. Alipepesa. Alipepesa tena. Nesi alimuuliza anaona nini. Alimuuliza mara ya pili. Yunisi aliona uso ule haubadiliki, akaanza kuihesabu safari ya Mungaa, akaanza kuyatafuta maneno ya kumwambia Sixbert.

Ghafla mama alishtuka, akarudi nyuma hadi kiti kikalia, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Yesu na Maria!"

"Nini, mama? Huoni?"

"Ananitazama," mama alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya msichana. Eliana alikuwa amemkazia macho, makubwa, meusi, bila kupepesa, kama alivyozoea kumkazia kila siku. "Nilimjua paji, nilimjua pua, nilimjua hadi vidole vya miguu. Hili sikulijua. Kumbe siku zote hizi, mtoto alikuwa ananitazama."

Yunisi akamweka Eliana mapajani mwa bibi yake, akaondoa mikono.